Bosi hana mamlaka juu ya viza yako

Pole sana dada. Umeniandikia kuwa bosi anakulipa dola 15 za Australia kwa saa, taslimu, katika mgahawa hapo Melbourne; huo ni wizi, hata kama mlikubaliana kwa mdomo. Julai 2025 kima cha chini cha mshahara kwa saa Australia kilipanda hadi dola 24.95, na kibarua asiye na likizo ya malipo huongezewa angalau asilimia 25. Mwanafunzi mgeni kama wewe naye yumo.

Bosi anatishia kukuripoti kwa kuwa umezidisha saa 48 kwa wiki mbili, kikomo cha kazi cha viza ya mwanafunzi wakati wa masomo? Mwajiri hawezi kufuta viza ya mtu. Ukilalamika Fair Work Ombudsman, ofisi ya serikali inayosimamia haki za wafanyakazi, kuna kinga ya kufanya viza ya aliyenyonywa kwa kawaida isifutwe, mradi uahidi kufuata masharti ya viza. Kwa hiyo rudi ndani ya saa zako kuanzia wiki hii.

Usiondoke kwa hasira kabla hujakusanya ushahidi. Piga picha ratiba ya zamu, hifadhi meseji anazokuitia kazini, andika kila usiku ulivyoingia, ulivyotoka na alichokupa. Kisha mdai kwa barua pepe. Akinyamaza, nenda Fair Work. Ni bure, na unaweza kudai malimbikizo ya hadi miaka 6 nyuma.