Maswali na majibu: Timu ya taifa na haki ya shabiki kuchagua

Kwa nini Yussuf Poulsen aliisaliti Tanzania akaichezea Denmark? (Msomaji, Tanga)

Swali hili hunifikia kila Denmark inapocheza mashindano makubwa, na kila mara shutuma ya usaliti huwa imo ndani yake. Poulsen alizaliwa Copenhagen mwaka 1994, baba Mtanzania na mama Mdenmark. Baba alifariki dunia mtoto angali mdogo, akalelewa na mama yake na kufundishwa mpira huko huko. Sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo ili avae jezi ya Taifa Stars angelazimika kuukana uraia wa nchi iliyomlea. Pamoja na hayo yote, alikwenda Kombe la Dunia la 2018 nchini Urusi akiwa na jina la ukoo wa baba yake, Yurary, mgongoni, na akafunga bao pekee lililoishinda Peru. Mtu aliyelibeba jina la baba yake mbele ya ulimwengu mzima hastahili kuitwa msaliti na sisi ambao hatukumpa hata kiatu cha mazoezi.

Anayetaka vijana waliozaliwa ughaibuni waichezee Stars apeleke hoja yake kwa mbunge wake, kisha aiulize TFF, shirikisho letu la soka, inawafuatilia tangu wakiwa na umri gani. Morocco ilikwenda Qatar mwaka 2022 ikiwa na wachezaji 14 kati ya 26 waliozaliwa nje ya nchi, akiwamo Achraf Hakimi wa Madrid, nayo ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Wachezaji wale walitafutwa na kushawishiwa mapema. Sheria peke yake haitoshi: Kenya iliruhusu uraia wa nchi mbili kwa Katiba ya 2010, na bado Divock Origi, ambaye baba yake Mike Okoth aliichezea Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, alichagua Ubelgiji alikozaliwa.

Je, ni kosa Mtanzania kuishangilia Brazil katika Kombe la Dunia? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Stars haijawahi kufuzu fainali hizo, na hakuna anayepaswa kuzitazama akiwa amenuna kwa sababu hiyo.

Mchezaji akishaichezea nchi moja anaweza kuhamia nyingine? (Wasomaji kadhaa)

Nimelijibu mara nyingi, na ninawaomba mlihifadhi jibu. Tangu FIFA ilipolegeza kanuni mwaka 2020, anaweza kuhama mara moja tu ikiwa hakucheza zaidi ya mechi tatu katika timu ya wakubwa, zote kabla ya kutimiza miaka 21, hazikuwa za fainali za Kombe la Dunia wala za bara lake, na imepita miaka mitatu tangu mechi ya mwisho. Mechi za kirafiki peke yake hazimfungi. Kwa hiyo mnaposoma kwamba fulani, mwenye mechi arobaini Ulaya, "anafikiria kurudi nyumbani", msisambaze uongo huo.

Mimi ni Mzanzibari. Nikiishangilia Zanzibar Heroes dhidi ya Tanzania Bara, je, nimeikana Tanzania? (Msomaji, Wete)

Hujaikana, na usikubali mtu akutishe. CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili Machi 2017, kisha ikaufuta uanachama huo Julai mwaka huo huo kwa kuwa Zanzibar haitambuliwi kimataifa kama dola inayojitegemea. Ndiyo maana kwenye AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, mchezaji wa Zanzibar huvaa jezi ya Stars, ilhali katika Kombe la Chalenji la CECAFA, la nchi za Afrika Mashariki na Kati, ambalo Zanzibar ililitwaa mwaka 1995, Heroes husimama peke yake. Desemba 2017, nchini Kenya, Heroes iliifunga Bara mabao 2-1, ikafika fainali na kupoteza kwa mikwaju ya penalti mbele ya wenyeji. Kuna watu wa Bara waliokasirishwa na furaha ya Unguja na Pemba siku ile, na ninawaambia bila kuficha kwamba walikosea. Kiungo Feisal Salum ni mtoto wa Zanzibar, na anapopiga shuti akiwa na jezi ya Stars hakuna anayemuuliza alishangilia nini mwaka 2017. Kama TFF inataka mapenzi ya visiwani yakue, iipeleke Stars kwenye uwanja wa Amaan, Unguja, mara kwa mara.

Shabiki wa Yanga akiombea Simba ifungwe na Waarabu wa Afrika Kaskazini, uzalendo wake uko wapi? (Msomaji, Mwanza)

Klabu si taifa, na utani wa jadi una nafasi yake. Hata hivyo alama za klabu hizo mbili ndizo zilizoipa Tanzania nafasi nne katika mashindano ya CAF, kwa hiyo anayeombea mtani aanguke anaihujumu klabu yake mwenyewe. Kinachoniumiza zaidi ni shabiki anayeubeba ushabiki huo hadi kwenye mechi ya Stars, akamzomea kijana aliyekosa bao kwa sababu tu anatoka upande wa pili. Huyo hajaja kuitazama Tanzania, na ni heri angebaki nyumbani.

Ofisa mmoja wa mpira mkoani kwetu anasema kuikosoa TFF ni kukosa uzalendo. Je, ni kweli? (Msomaji, Mbeya)

Si kweli. Shabiki anawiwa utii na timu, na viongozi ndio wanaowiwa maelezo na shabiki. Lakini ninawaonya wanaotaka serikali ivunje shirikisho kila Stars inapofungwa: FIFA iliifungia Kenya Februari 2022 baada ya serikali kuuondoa uongozi wa FKF, shirikisho la soka la huko, na Harambee Stars ikakosa mechi za kufuzu AFCON 2023. Hoji hesabu na ajira za makocha, na udai uchaguzi wa haki.

Baba ni Mkenya, mama ni Mtanzania. Kwenye AFCON ya mwaka 2027 nishangilie nani? (Msomaji, Namanga)

Shangilia zote mbili hadi zitakapokutana, kisha moyo wako utaamua. Zilipokutana Cairo tarehe 27 Juni 2019, Stars iliongoza mara mbili na bado Kenya ikashinda 3-2, na katika nyumba kama yenu wapo waliolia na waliocheka kwenye kochi moja. Hakuna ubaya katika hilo. Ubaya ni kuvamia mageti bila tiketi, kama ilivyotokea uwanja wa Kasarani, Nairobi, wakati wa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, mwaka 2025, hadi CAF ikaitoza Kenya faini na kupunguza idadi ya watazamaji. AFCON 2027 itasimamiwa na CAF hiyo hiyo, kwa hiyo nunua tiketi mapema, na ukiikosa tazama mechi nyumbani.