Linux kuwa nyingi ni faida au hasara? Uzoefu wangu wa ufundi hapa Mbeya

Mkuu mleta mada, umeuliza kwanini hawa jamaa wa opensosi (wanaotengeneza programu za bure ambazo kodi yake iko wazi kwa kila mtu) wasiungane watengeneze OS moja yenye nguvu, yani mfumo mmoja wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, badala ya Ubuntu huku, Fedora kule, Debian, Mint, Arch, na hapo bado hujafika FreeBSD. Mi ni fundi kompyuta hapa Mwanjelwa, nawapigia (nawainsitolia) watu Windows na Linux, na msimamo wangu ni kwamba kule zinakotengenezwa acha ziwe nyingi tu, ila huku zinakotumika watu wa mji mmoja bora wakubaliane moja.

Kwanza hizi distro, yani hizi aina tofauti za Linux, zinakula sahani moja kuliko watu wanavyodhani. Zote za Linux zina kerneli (kiini cha mfumo) ileile aliyoianzisha Linus Torvalds 1991, Ubuntu ilitoka 2004 ikiwa imejengwa juu ya Debian ya 1993, Mint nayo imekaa juu ya Ubuntu. Mtu wa Debian akirekebisha kitu wote waliojengwa juu yake wanafaidi. Hata ssh, programu ya kuingilia kwenye seva (kompyuta inayohudumia nyingine) ukiwa mbali, ile iitwayo OpenSSH, imetoka kwa watu wa OpenBSD, ndugu wa FreeBSD, ambao hata Linux siyo, kikundi kidogo tu lakini kazi yao iko kwenye seva dunia nzima.

Kilichonifanya nisibishane tena ni ile ishu ya Machi 2024. Kuna programu ya kubana mafaili inaitwa xz, mtu alijipenyeza kwenye mradi wake taratibu, akaaminiwa, afu akaficha mlango wa siri kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ili aweze kuingia kwenye seva za watu kupitia ssh. Aliyeshtukia ni Andres Freund, injinia wa Microsoft, alikuwa kwenye mambo yake mengine na Debian ya majaribio akaona ssh inachelewa kama nusu sekunde hivi, akafukua mpaka akaukuta. Sasa angalia nani waliguswa: Debian ya majaribio, Fedora za majaribio na wengine wanaokimbilia vitu vipya. Debian stable (ile iliyotulia) haikuwa na matoleo yale, RHEL (Linux ya kampuni ya Red Hat) haikuwa nayo, Arch walikuwa nayo ila ssh yao haikuunganishwa na ile xz, wa BSD ndo kabisa hayakuwahusu. Yani ingekuwa OS moja dunia nzima, wote tunapokea apdeti ileile siku ileile, mlango ule ungefunguka kila mahali kwa mpigo. Wakulima wa viazi kule Umalila wananielewa, ukijaza mbegu moja mlima mzima bakajani ikishuka inaondoka na mlima wote.

Afu kuna suala la kuwa na pa kukimbilia. Desemba 2020 ikatangazwa CentOS 8, Linux ya bure iliyonakiliwa kutoka RHEL, mwisho wake ni mwisho wa 2021, wakati watu walishajipanga kukaa nayo mpaka 2029. Kuna sekondari moja Rungwe naihudumia, seva yao ya matokeo ilikuwa juu yake. 2021 hiyohiyo zikatoka AlmaLinux na Rocky Linux kuziba pengo lake, nikaendesha skripti ya kuhamia Alma, data zikabaki palepale, mwalimu wa taaluma hata hakujua kama kuna kitu kimebadilika.

Sasa hasara, na hapa nakuunga mkono kabisa. Huku kwetu kinachotuumiza ni bando. Steshenari ninazozihudumia, Mwanjelwa, Kabwe mpaka Uyole, zote nimepiga Debian toleo moja na MATE (muonekano mwepesi wa skrini) juu yake kwa sababu mashine zenyewe ni za zamani. Nikishusha apdeti kwenye mashine moja, mafaili ya .deb (pakeji za programu za Debian) yanabaki /var/cache/apt/archives, nayabeba kwenye flashi napeleka kwa wengine, bando limelika mara moja tu (tumia amri ya apt-get, ukitumia apt peke yake ikimaliza kuinsitoli inayafuta). Sasa anakuja dogo wa chuo kapiga Fedora, ye anataka .rpm, pakeji za aina nyingine, flashi yangu haimsaidii chochote inabidi aanze kudaunlodi upya. Hata mwenye Ubuntu, pamoja na undugu wote ule, ukimchanganyia pakeji za Debian unamharibia mashine. Na printa ndo usiseme, steshenari inaishi kwa printa na fotokopi, kampuni ikitoa draiva ya Linux mara nyingi ni .deb na .rpm basi, aliyepiga kitu cha peke yake anahangaika huku wanafunzi wa fomu za mkopo wamejaa mlangoni.

Kwa hiyo lawama naitupa kwetu mafundi, kila mtu anampigia mteja alichokiona Youtube jana. Tukishika moja mji mzima, mteja akikwama saa mbili usiku na mi sipo kuna fundi mwingine anaijua.

Laptop yako uliyosema ya RAM 4GB, Windows 11 imeikataa na Windows 10 apdeti za kawaida ziliisha 14 Oktoba 2025, usizunguke sana. Kama jirani yako anatumia Debian piga Debian, kama uko peke yako piga Mint ya Xfce, nayo ni muonekano mwepesi. Iwashe kwanza kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu, angalia waifai inashika, sauti inatoka, printa inaonekana, ndo uinsitoli. Na ukiangukia Debian ukapita Mwanjelwa njoo na diski, mafaili yote nakukopia bure.