Marejesho ya fedha za ADS-B: tarehe ya mwisho hupotelea karakanani, si kwenye fomu

Mkuu uliyeuliza, nimekuelewa hivi. Unanunua Cessna ya injini moja Marekani, haina ADS-B Out, yaani kifaa kinachotangaza mahali ndege ilipo kwa kutumia GPS. Karakana imekupa bei ya kufunga kifaa na kukuambia mtengenezaji ana ofa ya marejesho yenye tarehe ya mwisho, na muuzaji wa ndege naye anakuhakikishia kwamba FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, hurudisha dola 500. Unataka usije ukalipa kila kitu halafu fedha ikakupita. Na umegusia kwamba baadaye ndege inaweza kuletwa Tanzania, jambo ambalo linabadilisha hata aina ya kifaa cha kununua.

Hizo dola 500 zisahau. Mpango wa FAA ulifunguliwa Septemba 2016 ukiwa na nafasi 20,000, kwa ndege za bawa lisilozunguka zenye injini moja ya pistoni zilizosajiliwa Marekani kabla ya 2016. Ulifungwa Septemba 2017, ukafunguliwa tena 12 Oktoba 2018 kwa nafasi 9,792 zilizokuwa zimebaki, ukaisha 2019, miezi michache kabla sheria ya kulazimisha ADS-B kwenye baadhi ya anga haijaanza kung'ata Januari 2020. Anayekuahidi fedha hiyo leo ama hajui ama anauza. Kilichopo ni ofa za watengenezaji wenyewe, zinazokuja na kwenda.

Ila namna mpango ule ulivyopanga tarehe zake inafaa kuijua, maana watu wanakwama mahali palepale hadi leo. Ulikuwa unahifadhi nafasi kwanza, siku ya kufunga kifaa ikiwa ndani ya siku 90 tangu kuhifadhi. Kisha ulikuwa na siku 60 za kuruka, kupata ripoti safi ya FAA kuhusu kifaa na kudai. Mtego ulikuwa kwenye hizo 60: zilihesabiwa kuanzia siku ya kufunga uliyoiandika wakati wa kuhifadhi, siyo siku fundi alipokabidhi ndege. Karakana ikichelewa wiki tatu, wiki hizo zinaliwa kwenye siku zako. Waliohifadhi nafasi kabla hawajapata miadi ya karakana ndio walioumia.

Kwa ofa ya sasa, jambo la kwanza ni kuuliza kwa maandishi: tarehe ya mwisho ni ya nini? Ya kununua, ya kufunga, au ya dai kupokelewa? Ni tarehe tatu tofauti, na karatasi ya matangazo huandika moja kwa herufi kubwa na nyingine kwa herufi za kutafuta kwa tochi. Pia uliza kama malipo ya awali yanahesabika kuwa ununuzi. Usidhani yanahesabika. Mara nyingi kinachoangaliwa ni tarehe ya ankara ya mwisho kutoka kwa wakala aliyeidhinishwa, yenye namba ya kifaa. Ukinunua boksi kwenye mnada wa mtandaoni kwa bei nzuri, tegemea kwamba marejesho hayapo.

Pili, jina. Kama wewe si raia wa Marekani wala mkazi wa kudumu, huwezi kusajili ndege kwa namba ya N (usajili wa Marekani) kwa jina lako; wengi hupitia mdhamini, yaani trasti, ambaye ndiye anaonekana kwenye rejista ya FAA kama mmiliki. Ankara ikitoka kwa jina lako na fomu ikamtaka mmiliki aliyesajiliwa, dai linarudishwa. Kulirekebisha kunahitaji ankara mpya na sahihi ya mdhamini, na hapo wiki mbili zimeondoka. Mwambie karakana siku ya kwanza kabisa aandike jina lililo kwenye cheti cha usajili, na namba ya N bila kukosea hata herufi.

Tatu, picha. Bamba lenye namba ya modeli na namba ya kifaa liko kwenye mwili wa boksi. Transponda, yaani redio inayojibu rada, ikishasukumwa kwenye trei yake ndani ya paneli, bamba halionekani tena mpaka ichomolewe. Mwombe fundi apige picha bamba hilo na lebo ya katoni siku mzigo unapofika, kabla hajashika bisibisi. Na katoni isitupwe.

Sasa kalenda. Watu huhesabu kwenda mbele: agiza, funga, ruka, dai. Hesabu kurudi nyuma, tena ukidhani ruko la kwanza la kupima litafeli. Tuseme dai lazima lipokelewe ifikapo 30 Novemba. Litume si zaidi ya 15 Novemba. Ruko la kwanza liwe mwanzoni mwa Oktoba, ili ubaki na muda wa kurudi karakanani mara moja na kuruka tena. Ndege iingie karakanani mwanzoni mwa Septemba, na vifaa viwe vimefika kabla haijaingia. Hapo oda na malipo ya awali ni Julai au Agosti. Karakana nzuri huwa na foleni, na miezi ya mwisho wa ofa ndiyo kila mtu anakumbuka.

Muda wa kazi unategemea umechagua nini. Kifaa cha kuweka ncha ya bawa badala ya taa ya kushoto, kama skyBeacon ya uAvionix, hufungwa kwa saa chache, maana umeme wa taa uko tayari pale. Transponda mpya aina ya GTX 335 au 345 ya Garmin ni kazi ya siku kadhaa: kuchomoa ya zamani, kutengeneza waya, kubadilisha kebo ya antena, na kufunga antena ya GPS juu ya paa. Hiyo ya paa ndiyo hula muda. Inatobolewa bati, inawekwa bati la kuimarisha kwa ndani, inapigwa riveti, inapakwa gundi ya kuzuia maji inayotakiwa kukauka, na dari ya ndani lazima ishushwe. Antena hiyo isisogee karibu na antena ya redio ya VHF. Acha angalau futi 2, la sivyo GPS itakuwa inapoteza setilaiti kila ukibonyeza kuongea.

Kwenye kebo, usikubali ya zamani iachwe ili kuokoa nusu siku. Transponda ya miaka ya 70 ilivumilia kebo iliyochoka na antena ya tumboni iliyofunikwa na mafuta ya injini. ADS-B inapopotea kwenye kona, chanzo mara nyingi ni hapo.

Makaratasi: fundi mwenye mamlaka ya ukaguzi hujaza Fomu 337 pale kazi inapohesabiwa kuwa mabadiliko makubwa, huandika kwenye kitabu cha matengenezo, hurekebisha hesabu ya uzito na mizani, na huweka nyongeza kwenye kitabu cha rubani. Nakala ya 337 inatakiwa itumwe FAA Oklahoma City ndani ya saa 48 baada ya ndege kuruhusiwa kurudi kazini. Wewe chukua nakala yako siku hiyohiyo. Baadhi ya ofa hutaka ukurasa wa kitabu chenye sahihi na tarehe, na fundi akishahamia ndege nyingine, kumpata ni shughuli.

Kabla ndege haijatoka, mwombe aipime kwa kifaa cha kupimia ADS-B cha ardhini na akupe chapisho. Makosa mengi yanayofelisha ruko yangeonekana hapo. La kwanza ni anwani ya ICAO, ile kodi (msimbo) ya biti 24 inayoitambulisha ndege. Imetolewa kwa namba yako ya N, na kuna njia mbili za kuiandika. Kwa ndege za Marekani, ya heksadesimali huanza na A na ya oktali huanza na 5. Fundi akiingiza moja mahali panapotaka nyingine, au akiacha ya ndege iliyopita, rada za ardhini zinaona ndege ambayo si yako. La pili ni kundi la ndege: chini ya ratili 15,500 ni ndege nyepesi, na kuna wanaoacha sehemu hiyo bila kuchagua. La tatu ni hali ya angani au ardhini. Kizingiti cha kasi kikiwekwa vibaya, ndege inatangaza kwamba iko ardhini huku uko futi 4,000.

Kisha ruko lenyewe. FAA bado wanatoa bure ripoti ya utendaji wa ADS-B, inayoitwa PAPR, na hiyo ndiyo ushahidi wa kuomba hata kama ofa haiitaji. Mpango wa dola 500 ulitaka angalau dakika 30 ndani ya anga linalolazimisha ADS-B, dakika 10 kati yake zikiwa za kugeuka, kupanda na kushuka. Bado ni kipimo kizuri. Nenda ndani ya maili 30 za kiwanja kikubwa chenye anga la daraja B, piga mizunguko kamili kushoto na kulia, panda na shuka futi mia tano. Kuruka moja kwa moja kunaficha udhaifu wa antena. Kugeuka ndiko kunakouonyesha, kwa sababu mwili wa ndege unaikinga.

Unapoomba ripoti, weka tarehe ya UTC (saa ya kimataifa). Ukiruka Houston saa moja na nusu jioni wakati wa kiangazi, kwa UTC tayari ni kesho. Watu huandika tarehe ya ukutani, mfumo haukuti ruko, wanaanza kumlaumu fundi.

Kwenye ripoti, visehemu vilivyofeli hupakwa rangi nyekundu. Kuna alama kadhaa za usahihi na uhakika wa taarifa za ndege: angalia NACp isiwe chini ya 8, NIC isiwe chini ya 7, NACv angalau 1, SDA angalau 2 na SIL iwe 3. SIL au SDA ikisoma sifuri muda wote, hilo ni la mipangilio au la GPS isiyoidhinishwa kuunganishwa na boksi hilo, na kuruka tena hakutasaidia. NIC na NACp zikishuka kwa dakika chache tu, tazama kwanza kama kulikuwa na ilani ya majaribio ya kuvuruga GPS eneo hilo siku ile. Kama hakukuwa na ilani, rudi kwenye antena ya paa. Kodi ya transponda (ile ya tarakimu nne anayoweka rubani) ikikosekana hapa na pale kwenye kifaa cha ncha ya bawa, jua kifaa hicho husoma kodi kwa kunasa mawimbi ya transponda ya zamani kupitia waya wa umeme. Transponda dhaifu, au isiyoulizwa na rada, haikipi cha kunasa.

Kuhusu kuipeleka ndege karakanani bila ADS-B kama karakana iko ndani ya anga la lazima: kuna mfumo wa FAA uitwao ADAPT wa kuomba ruhusa, si mapema kuliko saa 24 na si chini ya saa 1 kabla ya kuruka. Ruhusa si haki, kwa hiyo kama kuna karakana nje ya anga hilo, nenda huko.

Mwisho, kuhusu Tanzania. Vifaa viko vya masafa mawili: megahezi 978 na 1090. Cha 978, ambacho hata skyBeacon ni cha aina hiyo, kinaruhusiwa Marekani chini ya futi 18,000 na hakina kazi nje ya huko. Ofa za 978 zinaweza kukuvutia kwa bei, lakini ndege ikifika Arusha utakuwa na taa ghali kwenye bawa. Nunua transponda ya 1090 hata kama marejesho yake ni madogo. Na maliza kila kitu, ruko, ripoti na dai, ndege ikiwa bado ina namba ya N na bado iko Marekani, kwa sababu ripoti ya PAPR hutokana na vituo vya ardhini vya FAA. Ukishaifungua mabawa kwa ajili ya kontena, hakuna wa kukupa. Ikisajiliwa 5H (usajili wa Tanzania), anwani ya ICAO lazima ibadilishwe iwe ile utakayopewa na TCAA, mamlaka ya anga ya huko, ya heksadesimali inayoanza na 08. Kama ni 5Y (Kenya) kwa mamlaka yao, KCAA, itaanza na 04C. Uliza mapema nani atakayeingiza kodi hiyo, maana kwenye baadhi ya boksi mipangilio hiyo haifunguki kwa rubani.