Stata ya 504 inayolia "tak" tu

Habari ndugu. Umesema Peugeot 504 yako hapo Kisumu ukigeuza ufunguo inalia "tak" mara moja, injini haizunguki, na betri ni mpya. Tafadhali usinunue stata (mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha) bado. Yangu ilinitesa hivyohivyo hapa Nakuru.

Weka nyutro, vuta breki ya mkono, washa taa kubwa, mtu ageuze ufunguo. Taa zikififia sana, angalia vichwa vya betri. Kama vimekaza, huenda stata imekwama. Zangu hazikufifia hata kidogo, ndipo nikashuku athi, yaani waya unaounganisha injini na hasi ya betri. Chukua jampa (waya mnene wa kuazima umeme wa betri), funga hasi ya betri moja kwa moja hadi kwenye chuma kitupu cha injini. Yangu ilizunguka papo hapo! Bolti ya athi kwa nje ilikuwa safi kabisa, lakini nilipoifungua, chini ya kichwa cha waya kulijaa unga wa kijani. Msasa, kaza, basi.

Ikikataa, gonga stata polepole kwa mpini wa spana huku mwenzako akigeuza ufunguo. Ikiamka, makaa (vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme ndani ya stata) yameisha au solenoidi (swichi ya umeme ya stata) imechoka. Kabla ya kuifungua toa hasi ya betri, kisha umpelekee fundi wa stata abadilishe makaa au solenoidi tu. Hizo stata za zamani zinafunguka na kutengenezeka vizuri. Tuambie taa zilifanya nini.