Kabla ya kununua pampu: kwa wanaoanza kazi ya umwagiliaji kwa wakulima wadogo

Ukiingia kwenye kazi hii, swali la kwanza utakaloulizwa ni "mtajenga nini?" Banio (kizuizi cha mtoni kinachoingiza maji kwenye mfereji), kisima, tangi, pampu ya sola. Usiharakishe kulijibu. Skimu nyingi za umwagiliaji zilizokufa nilizopata kuziona zege lake bado ni zima. Kilichokosekana ni makubaliano: maji yatagawanywaje, nani atazibua mfereji, na fedha ya vipuri itatoka wapi.

Anza na kipimo, na ukifanye mwishoni mwa kiangazi. Mto uliojaa wakati wa masika hautakuambia lolote la maana. Kama chanzo ni chemchemi au kijito kidogo, elekeza maji yote kwenye bomba, kinga ndoo ya lita 20, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 10, una lita 2 kwa sekunde, yaani lita 172,800 kwa siku nzima. Zinasikika nyingi sana. Lakini kina cha milimita 1 tu cha maji juu ya hekta 1 ni lita 10,000, na zao lililostawi kwenye jua kali laweza kutumia milimita 5 hadi 6 kwa siku. Mfereji wa udongo nao unaweza kupoteza nusu ya maji njiani. Piga hesabu mpaka mwisho: chanzo hicho kinatosha hekta moja na nusu hivi, tena kama hujawaachia chochote watu na mifugo walio chini ya mto. Nao lazima waachiwe.

Hesabu hii ifanye mbele ya wakulima, kwa sauti, kabla watu hawajaandikishwa. Ni mkutano mgumu. Ila ukiandikisha hekta 10 kwa maji ya hekta moja na nusu, umepanda ugomvi utakaowaachia majirani wamalizane wenyewe.

Kisha tembea mfereji wote, ukianzia mwisho wake. Viongozi watakupokea kwenye banio, na mashamba ya karibu na banio siku zote yamestawi. Ukweli wa skimu uko mkiani, kwa yule ambaye zamu yake inafika maji yakiwa yamekwisha. Muulize mara ya mwisho alipata maji lini, na kama akilalamika anasikilizwa na nani.

Kuna utafiti wa Nepal ambao ningependa kila mgeni wa kazi hii aujue. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, pamoja na wenzake walilinganisha skimu zilizojengwa na kuendeshwa na wakulima wenyewe na zile zinazosimamiwa na serikali. Zile za wakulima, nyingi zikiwa na mabanio ya mawe na matawi, mara nyingi zilifikisha maji mkiani vizuri zaidi kuliko zenye mabanio ya kisasa. Banio la mawe huharibika, kwa hiyo wakulima wa juu, walio karibu na banio, wanahitaji nguvu kazi ya wa chini, walio mkiani, kulijenga upya. Hitaji hilo ndilo linalowapa wa chini sauti. Ukijenga banio la kudumu, wa juu hawamhitaji mtu tena, na sauti ya wa chini inapotea. Simaanishi usijenge. Namaanisha kwamba kabla ya kujenga, ujue ni mkataba gani usioandikwa unaouvunja, na uwasaidie kuandika mwingine.

Mkataba huo uwe na adhabu ndogo, za haraka, zinazotolewa na watu wa hapohapo. Huko Valencia, Hispania, baraza la maji la wakulima hukutana kila Alhamisi kwenye mlango wa kanisa kuu, kesi husikilizwa kwa mdomo, na wanaoamua wamechaguliwa na wakulima wenyewe. Mkulima ambaye shamba lake linakauka hawezi kungoja mahakama ya wilaya.

Ada ya maji ikokotolewe kutokana na vitu vitakavyoharibika, isikadiriwe kwa huruma. Orodhesheni pampu, vichujio, malango, mjue kila kimoja hudumu muda gani, mgawanye gharama kwa misimu. Na wakulima walipe baada ya mavuno, wakati wana fedha mkononi.

Kuhusu pampu za sola na umwagiliaji wa matone nina wasiwasi ambao sijauficha kwa wafadhili. Pampu ya dizeli hujizuia yenyewe, kwa sababu kila saa ina gharama ya mafuta. Ya sola ikishanunuliwa, hakuna kinachomwambia mtu azime. Kina cha maji ya ardhini kinashuka, na kisima kifupi cha jirani asiye na pampu ndicho hukauka kwanza. Matone nayo hupunguza upotevu shambani, lakini mkulima akitumia maji aliyookoa kupanua shamba, bonde halijabakiwa na kitu. Panga ukomo wa uvutaji, na weka mita, siku ileile unapofunga pampu.

Angalia pia daftari la wanachama. Mara nyingi anayemwagilia ni mwanamke na jina lililoandikwa ni la mumewe, hivyo kwenye mkutano wa zamu yeye hana kura. Ndivyo zamu za usiku wa manane zinavyopangwa bila kumuuliza yule atakayetembea gizani kufungua mfereji. Wanaokodi mashamba nao husahaulika: wanachimba mifereji, kisha mwenye ardhi anaona maji yamefika, anawaondoa. Pigania mikataba ya miaka kadhaa kabla koleo halijashikwa.

Mwishoni, bajeti iwe na angalau misimu miwili ambayo wakulima wanaendesha kila kitu na wewe unafika pale tu unapoitwa. Katika misimu hiyo usinunue kipuri hata kimoja, hata ukiombwa na mtu unayempenda.