Mikorosho ya mama isilipe ukumbi

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 28, naendesha bodaboda hapa Newala. Harusi yangu ni Agosti. Kamati imepanga bajeti ya Sh 9 milioni. Ahadi zimefika Sh 5.5 milioni, ila zilizoingia ni Sh 1.2 milioni tu. Mahari nimemaliza. Sasa mjomba ameleta mtu anayetaka kukodi mikorosho 60 ya mama kwa misimu mitatu, anatoa Sh 1.8 milioni taslimu. Msimu uliopita tulivuna kilo 700. Rafiki yangu anasema bora nikope. Nisipofanya ukumbini Mtwara mjini nitaaibika. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili nikimtafuta bibi harusi. Mjomba nimemkuta, kamati nimeikuta, hata rafiki yako wa mikopo yumo. Binti mwenyewe simuoni. Nitarudi kwake.

Kwanza mikorosho, maana ndiyo iliyoninyima usingizi. Tuseme bei mnadani iwe Sh 2,000 tu kwa kilo. Kilo 700 ni Sh 1.4 milioni kwa msimu, misimu mitatu Sh 4.2 milioni. Toa salfa ya kupulizia, palizi na makato ya chama cha msingi cha ushirika, bado huyo bwana anakupunja mchana kweupe. Na ukishazipokea hizo 1.8 ukajumlisha na 1.2 ya michango, una Sh 3 milioni. Sita bado hazipo! Utakuwa umetoa shamba na ukumbi hujaulipa. Tena mwenye kukodi huhesabu misimu yake tu. Ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukiingia atapulizia kadiri ya faida yake, kisha mama arudishiwe miti iliyochoka. Miti ambayo, nikikusoma vizuri, si yako.

Mkopo? Mwaka 2018, minada ilipokwama na serikali ikatangaza kununua korosho kwa Sh 3,300 kwa kilo, kaka yangu alishangilia. Alikuwa amemwoza binti yake kwa fedha za kukopa, akitegemea mavuno. Bei ilikuwa nzuri, malipo yakachelewa, na mdai wake hakuwa mtu wa kungoja. Pikipiki yake ikaenda. Wewe unakula kwa pikipiki, kwa hiyo hiyo mikopo ya kausha damu ipite mbali nawe.

Kuhusu ahadi, usiwanunie watu. Wewe ni mtoto wa korosho, unajua kabla ya mnada mifuko yetu inavyokuwa. Mtu anaahidi laki moja kwa moyo safi, akiwa na maana ya Novemba, korosho zikishalipwa. Kamati yako imepanga harusi ya Novemba ikaiweka Agosti, basi.

Mimi ningefanya hivi: nikaha ibaki Agosti, nyumbani kwa kina binti. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa yenu, mashahidi wawili na usajili, MC hayumo. Na Mtume alimwambia sahaba wake Abdurahman bin Auf afanye walima, karamu ya ndoa, hata kwa mbuzi mmoja. Sh 1.2 milioni inatosha mbuzi na pilau ya ndugu na majirani, pengine na turubai la kukodi. Malipo ya korosho yakitoka, na kama bado mna hamu ya sherehe, fanyeni hapohapo Newala kwa fedha zilizoko mkononi. Magari ya kuteremsha wageni mpaka Mtwara mjini na kuwarudisha usiku yatakula michango yenyewe kabla keki haijakatwa.

Mwombe mama alete daftari lake. Usiniambie hana. Mama zetu huandika kila harusi waliyochangia: kwa fulani elfu ishirini, kwa fulani kreti mbili za soda na doti ya khanga. Hao wapitiwe kabla ya watu wa kadi, na apite mama mwenyewe. Wengine watatoa mchele au kuku, pokea.

Mjomba usimkatalie peke yako barazani. Kwetu Umakondeni mjomba ana neno lake, na neno hilo hujibiwa kwa adabu. Mama aende na mzee mmoja wa ukoo, aseme yeye kwamba mikorosho haikodishwi. Kisha mpeni mjomba kazi ya heshima, mathalani kupokea wageni wa upande wa pili. Nahisi naye alitaka tu asionekane amekaa mikono mitupu.

Sasa binti. Muulize leo, mkiwa wawili, bila wifi wala mashoga: ukumbi wa Mtwara ni ndoto yake, au ni ya kamati? Mwambie tarakimu zote, hiyo 1.2 na hiyo 9. Akisema ni yake, msikilize mpaka mwisho, mtafute mnachoweza kubakiza. Labda ni gauni na picha tu. Mimi nina wasiwasi hajaulizwa na mtu.

Na zile kadi zenye jina la ukumbi, kama hazijachapwa, mpigie mchapaji kabla jua halijazama.

Shangazi