Dodoso limesema mimi ni vata, jingine pitta

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimeanza kujisomea Ayurveda, utabibu wa jadi wa India, na tayari nimechanganyikiwa. Dodoso moja limesema mimi ni vata, jingine pitta. Nikajipangia kuamka alfajiri, kukwangua ulimi, kujipaka mafuta, yoga, kutafakari na kunywa unga wa ashwagandha, mmea wa dawa wa India, kila usiku. Wiki haikwisha, nimechoka. Tena ninatumia dawa za presha. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umechoka kwa sababu umejipa kazi ya watu watatu.

Vata, pitta na kapha ni nguvu tatu ambazo Ayurveda husema huendesha mwili, na zote zimo ndani yako. Watu hutofautiana kwa kiasi tu. Tena matabibu wa Ayurveda hutenganisha prakriti, yaani umbile ulilozaliwa nalo, na vikriti, yaani hali uliyo nayo sasa. Dodoso huuliza yote kwa pamoja. Aliyekosa usingizi mwezi mzima atajibu kama vata hata kama hakuzaliwa hivyo. Tabibu hushika mpigo, hutazama ulimi na umbo, kisha huuliza maswali hadi uchoke. Na kwa kuwa hakuna kipimo cha maabara kinachoonyesha vata, usiyachukulie majina haya kama majibu ya hospitali.

Anza na tumbo. Kwa Ayurveda, agni, ule moto wa kumeng'enya chakula, ndiyo mlango wa mengine yote. Mlo mkubwa uwe adhuhuri, jua likiwa juu. Cha usiku kiwe chepesi na cha mapema. Usile kabla chakula cha awali hakijashuka. Vagbhata, mwandishi wa kale wa Ayurveda, aliacha kipimo ninachokipenda sana: nusu ya tumbo chakula, robo kinywaji, robo ibaki wazi. Hilo peke yake lina kazi ya mwezi mzima, maana wengi wetu hatujui tumbo lililobaki wazi likoje.

Ulimi endelea kuukwangua asubuhi, ni jambo la dakika moja. Mafuta ya ufuta yaliyopashwa kidogo jipake siku ya mapumziko kabla ya kuoga, ila si ukiwa na homa wala tumbo likiwa limevurugika. Alfajiri na yoga zisubiri. Na acha kubana haja: Charaka, naye mwandishi wa kale, ametaja misukumo 13 ya mwili isiyozuiwa, ikiwemo mkojo, chafya, miayo na usingizi. Haina gharama, labda ndiyo maana haitangazwi.

Ukitamani kozi, soma kwa ajili yako mwenyewe. India, shahada ya utabibu huu huchukua miaka mitano na nusu pamoja na mwaka wa mafunzo kazini. Cheti cha wikendi hakikupi ruhusa ya kumtibu mtu.

Sasa huo unga. Usinywe tena kwanza. Ashwagandha inaweza kushusha presha, na wewe tayari unameza dawa za kuishusha. Halafu kuna usafi wa bidhaa zenyewe: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulipima dawa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa mtandaoni, na takriban moja kati ya tano ilikuwa na madini yenye sumu: risasi, zebaki au aseniki. Nyingine huwekewa madini kwa makusudi, kwa mapishi ya zamani. Atakayekushauri uache dawa za presha ili "mwili ujisafishe", mkimbie. Unga huo mpelekee daktari wako ukiwa na kopo lake, asome lebo mwenyewe.